Siku Rubani Aliposhuka Mwangoso

Upande wa Kishapu mtu alipimwa kwa ng'ombe. Asiye na ng'ombe alipimwa kwa maneno yake, na asiye na vyote viwili alikwenda kufanya kazi mgodini. Maduhu angeweza kupimwa kwa ng'ombe bila aibu yoyote, maana vumbi la zizi la baba yake lilionekana mpaka Songwa. Hata hivyo akaenda mgodini. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza imepata uhuru, watu wengi walikuwa wanajaribu mambo mapya, na ukoo ukaamua kumvumilia kama mtu aliyeshikwa na homa.

Kwenye karakana ya mgodi wa almasi hakuona almasi hata moja. Alipewa tambara na debe la petroli, akaambiwa asafishe vyuma. Akavisafisha. Kisha akaanza kuuliza kila chuma kinafanya kazi gani, na hapo ndipo homa ilipopanda.

Baba yake alikwenda kumtazama. Akasimama mlangoni na fimbo yake, akaiangalia injini iliyofunguliwa na kutandazwa chini vipande vipande kama nyama ya harusi.

"Imekufa?"

"Imeharibika, baba. Tunaitengeneza."

"Ng'ombe akiharibika unamla," mzee akasema. "Hii ikiharibika unakula nini?"

Maduhu, ambaye hakuwa mtu wa kusema asichokijua, aliokota tambara lake. Mzee akarudi kwa ng'ombe wake akiwa ameshinda.

Mwaka 1965 jeshi lilipita likitafuta vijana waliokwisha kushika spana. Maduhu akashika yake, akaondoka nayo. Walimpeleka pwani, halafu ng'ambo, kwenye nchi ya baridi ambako, kwa maelezo yake, hata grisi ilikuwa haitaki kutoka kwenye kopo asubuhi. Huko alikabidhiwa helikopta. Alirudi akiwa fundi, akaanza maisha ambayo hakuna mtu kwao aliyeweza kuyaeleza sawasawa. Wengi walisema yuko kwenye ndege isiyo na mabawa. Wengine walisema hilo haliwezekani, kwamba watakuwa wamemdanganya.

Kazi ya fundi wa helikopta jeshini ina jambo moja zuri: fundi huruka na kile alichokitengeneza. Ni utaratibu wa busara sana, na mtu hujiuliza kwa nini haujawahi kujaribiwa kwa wajenzi wa madaraja. Asubuhi Maduhu aliizunguka mashine yake, akapanda juu, akagusa kila nati, kisha akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye giaboksi na mpini sikioni, akasikiliza wakati injini inanguruma. Akimaliza alikuwa na maneno mawili tu: "Nzima," au, "Bado." Neno "nadhani" hakulitumia. Kuna safari meja mmoja alimsubiri na mzigo wake mpaka jua likawa kali.

"Fundi, kuna nini?"

"Sijajua, afande."

"Kama hujajua, si twende?"

"Nikijua tutakwenda. Nisipojua tutakaa."

Wakakaa. Meja akaagiza chai. Si kwamba kulikuwa na ubaya mkubwa. Ilionekana baadaye ni klipu iliyolegea. Lakini tangu siku hiyo ikajulikana kikosini kwamba Maduhu hatoi ushahidi wa uongo kuhusu mashine, hata kwa mkubwa wake, hata kwa chai.

Hewani kiti chake kilikuwa nyuma, mlangoni. Kulikuwa na sheria mbili na alizishika kama amri za mlimani. Ya kwanza: mbele ni kwa rubani, nyuma ni kwa fundi. Rubani haoni mkia wake. Fundi ndiye anayemwambia uko wapi. Ya pili: mapanga ya juu yakiwa yanazunguka, rubani habanduki kitini, na raia hasogei mpaka fundi amshike mkono, amwinamishe kichwa, ampeleke. Rubani habanduki kwa sababu mikono yake yote miwili na miguu yake yote miwili iko kazini. Akiachia, helikopta hufanya inavyotaka, na kwa kawaida haitaki mema.

Rubani wake wa miaka mingi alikuwa Luteni Fikirini, Mzaramo wa Kisarawe. Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za misafara, na jeshi, ambalo linajua kupanga mambo mengi, halikufikiria maana ya kuwafungia watani wawili kwenye kibanda kimoja cha bati kinachoruka. Kwenye simu za helmeti walizungumza hivi:

"Maduhu, mkia wangu?"

"Uko huru, afande. Kuna mti kushoto."

"Mti mkubwa?"

"Kwetu ni mti. Kwenu Uzaramo mngeuchonga ngoma."

"Angalia sana, Msukuma. Nikikuangusha hapa, nitakuja msibani kwako nile ng'ombe mzima, na hakuna wa kunikataza."

"Usiniangushe wewe. Tutaanguka wote, nani atamla?"

Walikwenda vitani Kagera namna hiyo na wakarudi namna hiyo.

Wakati huo Maduhu alikuwa amekwisha kuoa. Mkewe, Justa, alitoka Mwangoso, kijiji kilicholala kwenye mbuga ya udongo mweusi, mahali ambapo watu walihamishiwa wakati wa vijiji vya ujamaa kwa sababu kwenye ramani palikuwa tambarare na pazuri. Hakuna aliyeiuliza ramani maji hupita wapi. Baba yake Justa alikuwa Mzee Marselino, mtu wa maneno machache na mifugo mingi. Mama yake alikuwa Paskazia, mama aliyebatizwa na mapadri wa Ushirombo akiwa binti, akashika amri zote za kanisa na za ukoo pia, kwa kuogopa kwamba siku ya mwisho anaweza kuulizwa zote.

Na miongoni mwa za ukoo, iliyo kubwa ni ukwe. Kwa wasiojua: mama mkwe ni mtu unayemheshimu kwa kutomwona. Ukikutana naye njiani unaingia kwenye mtama. Humpi mkono, humtazami usoni, huketi naye chumba kimoja. Maduhu akienda ukweni alikaa uani, Mama Justa akakaa ndani, na walizungumza kupitia kwa mtu yeyote aliyekuwa karibu, ingawa ukuta uliowatenga ulikuwa wa udongo na haukuzuia hata kikohozi.

"Mwambieni mgeni kuna michembe na karanga."

"Mwambieni mama nimeshukuru."

"Mwambieni aongeze, amekonda. Huko angani hawali?"

"Mwambieni mama tunakula tukishuka."

Walipendana sana. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuuona uso wake.

Mkwe akimgusa mama mkwe, hata kwa bahati mbaya, mke hurudi kwa wazazi wake na kukaa huko mpaka wazee waketi, kondoo achinjwe, na maneno yaishe. Kondoo huisha siku hiyohiyo. Maneno huchukua muda. Kuna mtu wa jirani aliyemkanyaga mama mkwe wake mguu kwenye foleni ya kuuzia pamba, na mkewe alikuwa bado hajarudi. Kwa Mzee Marselino, ambaye toka mwanzo alisema binti haozwi kwa mtu anayefanya kazi juu ya mawingu, sababu kama hiyo ingekuwa kama mvua baada ya kiangazi.

Mvua yenyewe ilikuja masika yaliyofuata vita. Ilinyesha bila adabu. Justa alikuwa kwao na watoto wake wawili, amekwenda kumsaidia mama yake kuvuna karanga, mto ulipoacha njia yake na kupita katikati ya Mwangoso, palepale ramani iliposema pazuri. Watu walikimbilia ukingo wa lambo la ng'ombe, tuta refu la udongo ambalo ndilo pekee lililobaki juu ya maji, wakakaa hapo wakitafuna michembe, vile viazi vilivyokaushwa, na kutazama nyumba zao zikiyeyuka. Helikopta ikatumwa.

Fikirini aliuzunguka ukingo mara moja, akasema neno la Kizaramo.

"Afande?"

"Nasema hapo hata mbuzi hatui. Angalia upana wake."

Helikopta ile ilisimama kwenye mabomba mawili marefu badala ya magurudumu. Kwenye tuta lile palikuwa na nafasi ya bomba moja tu. Fikirini alilazimika kuliweka hilo moja juu ya udongo, lile la pili likaning'inia juu ya maji, na kuishikilia mashine hivyo, mapanga yakizunguka kwa nguvu zote, wakati Maduhu anashuka, anawachukua watu mmoja mmoja kwa mkono, wameinama, na kuwapandisha. Halafu wanaruka mpaka shule iliyoko mlimani, wanashusha, wanarudi.

Safari ya kwanza alipanda Maganga, mwenyekiti wa kijiji, ambaye kwa mujibu wa cheo alipaswa kuwa wa mwisho, lakini alieleza kwamba anatangulia kuandaa mapokezi. Alipanda na muhuri wa kijiji kifuani. Alisahau kuinama, na Maduhu alimkandamiza kichwa kama anayezamisha ndoo kisimani. Kisha wakapanda wanawake wenye watoto, na miongoni mwao Justa. Maduhu akamfunga mkanda mkewe kama raia mwingine yeyote. Justa akamvuta shingo, akapiga kelele sikioni mwake:

"Mama yupo!"

"Wapi?"

"Nyuma ya watu! Amekutambua kwa mwendo!"

Maduhu hakugeuka kutazama. Hakika, hilo ndilo jambo ambalo asingeweza kufanya.

Tangu hapo kazi yake ikawa ngumu kwa namna ambayo hakuifundishwa ng'ambo. Kila waliporudi, watu walisogea kupanda, na kila walipokaribia zamu yake, mama mmoja aliyejifunika kanga kichwani alirudi mwisho wa foleni. Watu walianza kumsifu. Katekista, alipopita mikononi mwa Maduhu, alikuwa anatoa machozi: "Mama Justa huyo! Anatanguliza wenzake! Mama mwenye moyo wa Kikristo!" Moyo ulikuwa wa Kikristo kweli, lakini miguu ilikuwa ya ukwe. Maduhu alimwomba katekista amlete mama huyo kwa mkono wake yeye. Katekista akaenda, akarudi. Amekataa, akasema. Hata akiletwa na mwingine, ndani ya kile kibanda atakaa wapi asipokuwa magotini kwa mkwewe? Na wengine wapande kwanza, maji yanaweza kupungua.

Maji hayakupungua. Waliporudi mara ya mwisho, ukingo ulikuwa umeshaanza kumeguka na juu yake walibaki wanawake wawili tu: Mama Justa na jirani yake Melania, ambaye alichelewa kwa sababu alikataa kuondoka bila kuku wake na kuku walikataa kukamatwa. Sasa alikuwa nao kwenye tenga. Melania alipanda mbio, akaketi, akalikumbatia tenga na kufumba macho.

Maduhu alisimama chini ya mapanga, udongo ukitetemeka chini ya viatu vyake. Mbele yake, hatua chache tu, alikuwa Mama Justa. Akafanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa vizuri angefanya. Akampa mgongo. Mama Justa naye, kwa kuwa alilelewa vizuri zaidi, akampa mgongo yeye. Wakasimama hivyo katikati ya gharika, mmoja anatazama mashine, mwingine anatazama maji, wakiheshimiana.

"Maduhu," simu ya helmeti ikaita. "Mkia wangu?"

"Uko huru, afande."

"Mbona hapandi huyo wa mwisho?"

"Kuna mkwe, afande."

"Mkwe wa nani?"

"Wangu."

Injini ikanguruma.

"Maduhu, mafuta yangu yanakwisha, tuta lako linaondoka, na wewe unaniambia habari za ndoa?"

"Nafikiri, afande."

"Usifikiri! Lini ulianza kufikiri? Mfunike gunia umlete!"

Neno la gunia lilimpa akili. Alichukua mkanda mrefu wa kufungia mizigo, akashika ncha moja, akaanza kutembea kinyumenyume kuelekea kwa mama mkwe wake, huku ncha nyingine ikiburuzika nyuma yake. Mkanda ulipomgusa miguuni, Mama Justa akauelewa. Aliikaza kanga usoni, akaifunga kwa fundo, akaushika mkanda, akageuka, akainama kama mtu anayepita mbele ya mtemi. Maduhu akamvuta, macho yakiwa mbele. Ni lazima isemwe kwamba siku ile hakuna raia aliyeyakaribia mapanga vizuri namna hiyo. Maganga aliyajia kifua mbele; katekista aliyajia mikono juu; Mama Justa aliyajia kichwa chini, hatazami kitu, haulizi kitu. Kama jeshi lingekuwa na akili, lingewafundisha abiria wote ukwe.

Walibakiza kupanda tu. Kupanda ni hatua ndefu, na magoti ya Mama Justa yalikuwa ya umri wake. Akainua mguu, ukarudi. Akainua tena. Hapo tuta likaachia. Bomba likateleza, helikopta ikainamia upande wa maji, Fikirini akaita jina la mama yake, na Maduhu, bila kufikiri sasa hata kidogo, akageuka, akamkumbatia Mama Justa kiunoni, akamwinua na kumtupa ndani juu ya tenga la kuku, akajirusha nyuma yake. Wakapaa. Chini, pale walipokuwa, palikuwa maji.

Safari nzima walikaa wakipeana migongo. Kuku mmoja alikuwa ametoka, akatembea katikati yao, kwa kuwa yeye hakufungwa na mila yoyote.

Melania alikuwa amefumbua macho wakati anaangukiwa. Helikopta ilipotua shuleni alikuwa wa kwanza kushuka, na kabla mapanga hayajasimama darasa la nne lote, lililokuwa limejaa wakimbizi, lilikwisha kujua.

"Kambeba! Kiunoni! Kama furushi la pamba!"

Justa alisikia. Alimtazama mumewe kwa mbali, akaanza kukunja nguo za watoto na kuziweka upande wa mama yake.

Kesho yake helikopta ilileta unga. Akina mama walikuwa wameizunguka kabla haijazima vizuri, wana vikoroboi mikononi, maana mafuta ya ndege hunuka kama mafuta ya taa, na mafuta ya taa yalikuwa hayajaonekana madukani tangu vita.

"Si mafuta ya taa, mama," Fikirini alikuwa anamweleza mmoja.

"Yananuka mafuta ya taa."

"Ni ndugu yake tu."

"Basi tupe huyo ndugu, tutamzoea."

Ndipo akaja mtu kumwita Maduhu. Mzee Marselino, ambaye gharika ilimkuta kwa dada yake Ushirombo, alikuwa amefika asubuhi na trekta la misheni, na Melania alimpa habari kabla hajapewa maji ya kunywa. Wazee walikuwa wameketi nyuma ya shule. Mzee alikuwa amevaa koti.

Maduhu akaenda, na Fikirini akamfuata.

"Wewe unakwenda wapi, afande? Ni mambo ya ukoo."

"Msukuma anapopata aibu, mtani wake hukosa?"

Wazee walikuwa kwenye viti vya wanafunzi, magoti yakiwagusa kidevu, jambo lililopunguza kidogo uzito wa kikao. Mama Justa alikuwa ndani ya darasa, dirisha wazi, mgongo wake ukionekana. Justa alikuwa mlangoni na watoto. Melania hakuitwa, lakini alikuwepo.

"Mkwe wangu," alianza Mzee Marselino, "tunashukuru kwa kuwaokoa watu wa Mwangoso. Hilo ni la serikali. Sasa tuje kwenye la kwetu. Inasemekana ulimshika mama yako."

Maduhu alifungua mdomo. Alikuwa mtu wa kweli, na kweli ilikuwa ndio. Justa aliwavuta watoto karibu.

"Ni mimi," akasema Fikirini.

Wazee wakageuka.

"Mimi ndiye niliyemshika. Mimi ni Mzaramo, sina adabu, mnajua. Huyu Msukuma wenu alisimama pale amegeuka nyuma kama nguzo ya simu, mama anazama. Nikaona nitakaa hapa mpaka lini? Nikashuka, nikambeba, nikamtupa kwenye kuku. Kama kuna kondoo, nileteeni mimi. Nyama ya kondoo naipenda."

Kicheko kikapita, kikazimwa na kikohozi cha Mzee Marselino.

"Mwongo!" akasema Melania. "Niliona kwa macho yangu. Alikuwa huyu hapa!"

"Ulimwona uso, mama?"

"Alikuwa na kile chungu kichwani."

"Hiki?" Fikirini akavaa helmeti yake, akashusha kioo cheusi. Uso ukapotea. "Mimi nani sasa?"

Melania alimtazama, akamtazama Maduhu aliyeshika helmeti kama ileile. Alikuwa mwanamke mwenye akili, na kuku humfundisha mtu kutokubali upesi.

"Haya," akasema polepole. "Kama wewe ulishuka, nani alikuwa anaendesha?"

Swali lilikuwa zuri kupita kiasi. Mzee Marselino akaegemea mbele, kiti kikalia.

"Hilo tumuulize mwenyewe fundi," akasema. "Maduhu. Nimesikia sifa zako. Nimesikia huko jeshini ukisema kitu ni kizima, ni kizima, mkubwa hakubadilishi. Mimi sijui mashine. Niambie wewe: rubani anaweza kushuka, ile mashine ikabaki inakaa yenyewe?"

Maduhu aliitazama helikopta, uwanjani, mapanga yakining'inia. Aliona bomba moja juu ya udongo mbovu na lingine hewani. Aliona mikono miwili na miguu miwili ya Fikirini. Hakuna fundi popote duniani, kwenye baridi wala joto, ambaye angejibu swali hilo zaidi ya namna moja. Alimtazama Justa, ambaye alikuwa amezishika nguo za watoto zilizokunjwa. Watu waliokuwepo wanasema jasho lilimtoka, na asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Inakaa," akasema.

"Inakaa?"

"Inakaa, baba. Kwa muda."

Fikirini akakohoa ndani ya helmeti.

Mzee Marselino hakuonekana kuridhika. Alikuwa anatafuta swali lingine, na huenda angelipata, kama sauti isingetoka dirishani, kutoka kwenye ule mgongo:

"Mwambieni baba Justa hivi. Aliyenishika alikuwa na mikono laini. Laini kabisa, kama ya padri. Mkwe wangu sijawahi kumshika mkono, lakini kila mtu anajua mikono yake ni jembe."

Wazee wote wakatazama mikono ya Maduhu. Ilikuwa jembe. Wakatazama ya Fikirini, ambaye aliinyoosha mbele kwa fahari na kuigeuza pande zote mbili. Ilikuwa laini. Mzee mmoja akaanza kucheka, akamwambukiza wa pili, na kiti cha mwanafunzi kikavunjika chini ya wa tatu, na hapo kikao kikakosa namna ya kuendelea.

"Mtani ametushikia mke," Mzee Marselino akasema, akisimama kwa shida. "Tutafanya nini? Mtani hashitakiwi." Akalivua koti. "Ila wewe, Mzaramo, siku tukija Kisarawe, umfiche mama yako."

"Karibuni. Atawabeba yeye."

Melania alitakiwa kutoa jogoo kwa kumsingizia mkwe wa watu. Alimtoa kwa Fikirini kwa shingo upande, akisema kwamba bado hajajibiwa nani alikuwa anaendesha. Justa alizichukua nguo za watoto, akazihamishia upande wa pili.

Jioni, wakiruka kurudi, jogoo akiwa amefungwa miguu chini ya kiti, simu ya helmeti ikaita.

"Maduhu."

"Afande."

"'Inakaa'?"

"Niache, afande."

"Hapana, nataka kujua kitaalamu. Nikiwa na haja ndogo, naweza kushuka sasa?"

"Mbele ni kwako, afande. Angalia mbele."

Maduhu alistaafu katikati ya miaka ya themanini, akahamia Geita, ambako aliweka mashine ya kusaga karibu na njia ya wachimbaji dhahabu. Mashine ilikuwa kuukuu lakini haikulala hata siku moja, na asubuhi aliisikiliza kwa bisibisi. Baba yake alikwenda kumtembelea mara moja, mzee sana, akatazama unga ukitoka mdomoni mwa chuma, akaonja kidogo kwa kidole. "Kumbe inalisha," akasema, na hakuongeza.

Mama Justa naye alihamia karibu na binti yake. Akija na kapu lake la mahindi, Maduhu alizunguka upande wa pili wa mashine na kushughulika na mkanda, hata kama mkanda hauna kitu. Mama alikaa na wateja, mgongo kwa mkwewe, akawasimulia kwa sauti ya kuishinda injini jinsi rubani wa jeshi, mwenye mikono laini kama ya padri, alivyoiacha helikopta yake ikingoja hewani na kushuka kumchukua. Kila mwaka ile helikopta ilingoja muda mrefu zaidi.

Siku moja akaketi pale kijana aliyekuwa ametoka jeshini, fundi naye, amekuja Geita kujaribu bahati. Alisikiliza mpaka mwisho, uso ukimbadilika. Akamwendea Maduhu nyuma ya mashine.

"Mzee, shikamoo. Samahani. Mimi nilifundishwa na watu uliowafundisha wewe. Walitupigia kelele kila siku: mapanga yakizunguka, rubani habanduki kitini. Kamwe. Hayo si maneno yako?"

"Marahaba. Ni yangu."

"Sasa hii ya bibi?"

Maduhu alichukua grisi, akaipaka mahali palipokuwa na grisi ya kutosha. Upande wa pili wa mashine mgongo wa Mama Justa ulikuwa umetulia. Alikuwa anasikiliza.

"Kamwe," akasema Maduhu kwa sauti iliyofika huko. "Isipokuwa Mwangoso. Pale ilikaa."

"Mwambieni fundi," sauti ikasema, "unga wangu asiusage mnene kama wa juzi."